Nimefuta Sauti ya Kaka Yangu, na Shemeji Bado Ananishukuru

Mshauri mpendwa,

Naandika nikiwa nimejifungia kwenye stoo ya karatasi kazini maana nyumbani siwezi. Shida yangu ukiisikia juujuu utacheka, utasema kumbe ni mambo ya kompyuta tu, lakini naomba unisaidie kabla shemeji yangu hajaja kuchukua mzigo wake, kwa sababu kilichokuwa ndani ya mzigo huo hakipo tena na aliyekipoteza ni mimi.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto. Elimu yangu ni ya kawaida, nilimaliza shule nikaingia kazini, na kazi yenyewe ni ya duka la stesheneri: nachapa barua za watu, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na mashine ikimeza karatasi mimi ndiye ninayeitwa kuivuta. Kwa sababu hiyo ukoo mzima unaamini kwamba mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Simu ya mtu ikiganda naitwa, redio ikikoroma naitwa. Sijawahi kuwakatalia, na ukweli ni kwamba nilikuwa naona raha.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka jana, ugonjwa ulikuja kwa kasi na kumchukua kabla hata hatujakubaliana apelekwe hospitali gani. Alikuwa mtunza stoo wa vipuri vya magari, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa inayonuka grisi hata akiwa amevaa shati la Jumapili. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Akikwama kwenye neno alikuwa anagonga meza kwa kidole kimoja, polepole, mpaka neno litoke, na ukijifanya unamsaidia kwa kummalizia alikuwa anarudi mwanzo kabisa wa sentensi makusudi, ukome. Simu alikuwa hapendi. Alikuwa anaandika ujumbe hata kama wewe uko sebuleni na yeye yuko chumbani, na ndiyo maana tulipokuja kutafuta sauti yake baada ya mazishi hatukuipata kwenye simu ya mtu yeyote, si ya mama, si ya watoto, si yangu.

Ila alikuwa na kikompyuta. Sijui kama unavikumbuka vile vidogo vilivyowahi kuwa mtindo, unakiweka pajani kama sahani. Chake kilikuwa na kifuniko cha bluu na herufi ya N imefutika kwa kubonyezwa. Alikinunua mtumba na alikipenda kuliko kawaida. Alikuwa anakiita mdogo wake, na mimi nikiwepo alikuwa ananitania, huyu ndiye mdogo wangu mwenye adabu, nikimwambia kitu hanijibu. Jioni akitoka kazini alikuwa anaingia chumbani, anafunga mlango, anakisomea chochote kilicho mbele yake, gazeti, barua, hata majina ya vipuri, anajirekodi halafu anajisikiliza, akijifundisha kusema bila kukwama. Sisi wengine hatukulijua hilo. Shemeji, yaani mke wa marehemu, ndiye aliyekuwa anamsikia akiwa koridoni na nguo za kukunja mkononi, na hakuwahi kumwambia kwamba anamsikia, kwa sababu aliona akijua ataacha.

Baada ya msiba kikompyuta kikagoma. Ukikiwasha kinazunguka, kinazunguka, halafu kioo kinakuwa cheusi. Shemeji akakileta dukani kwetu kimefungwa kwenye taulo kama mtoto, akakiweka kaunta, wateja wakiwa wamejaa, na akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Shemeji, mimi sitaki kiwe kipya. Sauti yake imo humu. Nitolee hiyo tu." Nikamwambia aondoe shaka, hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Mshauri, kama ningefanya hicho tu alichoniomba nisingekuwa nakuandikia. Lakini mwenzangu wa kazini, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hana jambo asilolijua, alikitazama akasema mashine ni nzima, mfumo wake tu ndio umezeeka, tukiiwekea Linux, mfumo mwingine wa bure, itaamka iwe kama mpya. Nikavutiwa. Nikajiona namrudishia shemeji kikompyuta kinachowaka chap, naye anashika mdomo. Mara ya kwanza flashi tuliyoiwekea hiyo Linux ilikataliwa, mashine ikatoa maandishi kwamba yenyewe ni ya zamani, haiwezi toleo lile, na Profesa akasema hata yeye kuna mambo ya siku hizi hayawezi. Tukatafuta toleo la mashine za zamani, tukaliweka kwenye flashi, na kweli likawaka. Sasa, ile Linux kabla hujaiweka moja kwa moja inakuruhusu uijaribu ikiwa bado iko kwenye flashi, na unaweza kutembelea vitu vilivyomo ndani ya mashine. Nikatembelea. Nikaviona, mshauri. Rekodi za kaka zilikuwa mle zote, kila moja ameipa jina kwa herufi ndogo, jioni, jioni mvua, stoo, barua ya bosi, nimechoka, jioni tena, na moja ameiita binti.

Sikuifungua hata moja. Wateja walikuwa wamesimama mbele yangu na niliogopa nikimsikia nitalia pale kaunta. Nikajiambia nitazisikiliza siku ya kumrudishia shemeji, tukae wote. Na kuzinakili pembeni sikuona haja, kwa sababu niliambiwa kuna chaguo la kuweka Linux kando ya mfumo wa zamani, viishi pamoja, kisipotee kitu.

Shida ikawa kioo. Vile vikompyuta kioo chake ni kifupi, na kurasa za kuwekea Linux ni ndefu kuliko kioo, kwa hiyo kitufe cha kuendelea kinakuwa chini, nje ya kioo, hukioni. Profesa akanifundisha kwamba kitufe kikijificha unabonyeza Tab mpaka uhisi umekifikia, halafu unapiga Enter bila kukiona. Ukurasa wa lugha ukapita. Ukurasa wa saa ukapita. Nikawa najisikia kama dereva anayerudisha gari nyuma bila kugeuka. Tukafika ukurasa wa kuchagua, na chaguo la juu lilikuwa lenyewe, la kuweka kando ya mfumo wa zamani, na alama ilikuwa hapohapo. Nikataka kuona chini kuna nini. Nikabonyeza mshale wa chini nikidhani ukurasa utapanda, kama tunavyofanya kila siku tukisoma barua ndefu. Ukurasa haukupanda. Nikabonyeza tena, kimya, na mteja mmoja alikuwa ananiuliza bei ya bahasha, nikamjibu, nikarudi, Tab, Enter. Kikaja kidirisha kidogo cha Kiingereza kuniuliza kama nina uhakika. Kurasa zote zilikuwa zimeniuliza mambo na zote nilizijibu ndiyo. Na hicho nikakijibu ndiyo.

Kumbe mshale ule kwenye ukurasa ule haupandishi kitu. Unahamisha alama. Mimi nilikuwa naisukuma alama kutoka chaguo la juu kwenda la chini yake, ambalo lilikuwa la kufuta kila kitu na kuanza upya, na sikuitazama tena.

Kazi ilipoisha kikawaka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Profesa akapiga makofi, akasema mgonjwa amechomoa dripu mwenyewe. Hata mimi nilicheka. Halafu nikafungua humo ndani kutafuta zile rekodi. Kulikuwa na mafolda yamepangwa vizuri, la nyaraka, la muziki, la picha, la video, na kila nililofungua lilikuwa jeupe. Profesa akaacha kutafuna karanga zake. Akaniuliza kwa sauti ya chini nilibonyeza nini, na mimi nikajibu sijui, ingawa nilikuwa tayari najua.

Tangu siku hiyo ninaongopa. Shemeji akipiga simu namwambia bado naihangaikia, au nasubiri kifaa kiletwe. Hanisukumi. Ananiambia nisijichoshe, anasema Mungu anibariki, na amewaambia watu wa nyumbani jinsi ninavyojitoa kwa ajili ya kaka yangu, mpaka mama naye akanipigia kunishukuru, na mama kwa kawaida ni mtu wa kunigombeza. Afadhali angenigombeza. Sasa binti mkubwa wa marehemu anarudi mwisho wa mwezi huu. Alikuwa mbali masomoni baba yake alipofariki, nauli haikupatikana, mazishi aliyaona kwa picha. Mama yake amemwahidi kwamba akifika tu atamsikia baba, na kwamba baba mdogo, yaani mimi, ndiye anayemtengenezea.

Hapa ndipo penye aibu kubwa, na nimezunguka kote huko kwa sababu nilikuwa naogopa kufika hapa. Sauti yangu na ya kaka zinafanana. Mama akitusikia kutoka chumba cha pili alikuwa hatutofautishi mpaka kaka akwame. Jumapili moja mchana mke wangu alikwenda kwa dada yake, watoto wakiwa nje, nikakaa kitandani, nikakiweka kikompyuta pajani, nikafungua sehemu ya kurekodi, nikaanza kusoma majina ya vipuri. Breki. Klachi. Plagi. Nikakwama pale alipokuwa anakwama yeye, na nikagonga droo kwa kidole. Nilipojisikiliza, mshauri, alikuwa ni yeye. Nililia sana, halafu badala ya kuacha nikarekodi nyingine, na nyingine, mchana wote, na nikazipa majina kwa herufi ndogo kama alivyofanya. Sikumsikia mke wangu akiingia. Nilipoinua macho alikuwa mlangoni, viatu mkononi, uso umebadilika. "Nani alikuwa anaongea humu?" Nikamweleza kila kitu. Hakupiga kelele. Aliweka viatu chini taratibu akasema, "Ukimpelekea yule mama hiyo, mimi simo. Na usiniambie kama umempelekea." Tangu hapo nyumbani tunaongea mambo ya chumvi na sabuni.

Swali langu ni hili. Nikimpa shemeji na binti rekodi nilizoigiza, watafurahi, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na mke wangu, na sauti ni kama ileile. Nikisema mashine imekufa kabisa, watahuzunika lakini hawatanichukia. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemuua kaka mara ya pili, na sijui kama nitaweza kukaa tena kwenye nyumba ile. Nifanye lipi? Nimekonda, na karatasi nazikata vibaya, bosi ameshaniuliza mara nyingi nina nini.

Ni mimi, baba mdogo.

*

Baba mdogo,

Pole kwa kufiwa na kaka. Naanza na hilo kwa sababu kwenye barua yako yote sioni mahali ulipojipa pole wewe mwenyewe; tangu msiba umekuwa fundi. Sasa kaa vizuri, maana pole imeisha.

Mimi kompyuta najua kuiwasha na kuifuta vumbi. Kwa hiyo barua yako, bila jina wala duka, nilimsomea kijana mmoja anayetutengenezea mashine hapa ofisini, mtu ambaye hasumbuliwi na kitu. Nilipofika pale kwenye mshale wa chini akatabasamu, akasema hilo limewapata wengi kwenye vioo vifupi. Akaniambia na jambo ambalo halitakufariji: kuna njia ya kulivuta dirisha zima lipande juu kwa kushika kitufe cha Alt na kuburuta, ukaviona vitufe vyote. Hukuijua. Sawa, kutojua hakuna kesi. Ulipofuta, ulikosea, na kukosea mtu anaweza.

Lakini nataka tuelewane kuhusu kitu kimoja kabla sijaendelea. Kosa lako halikuwa mshale. Shemeji alikwambia hataki kipya, anataka sauti. Ukaziona rekodi kwa macho yako, flashi iko mkononi, na ukaacha kuzinakili kwa sababu ulikuwa unataka kumwona ameshika mdomo. Ulifanya kazi ya sifa kabla ya kazi uliyoagizwa. Nakwambia hivyo ili ujue cha kuomba radhi ukifika kule, maana nakuona tayari unajiandaa kwenda kuomba radhi kwa ajili ya kioo kifupi.

Sasa fungua masikio. Kijana wetu aliniuliza swali moja tu: je, baada ya kufuta, ameendelea kuitumia? Nikamwambia amerekodi mchana mzima. Akaacha kutabasamu. Alinieleza kwamba kwenye mashine kama hizo kitu kikifutwa, mara nyingi hakiondoki hapohapo. Kinachoondoka ni njia ya kukifikia, na chenyewe kinaendelea kulala mle mpaka kitu kingine kipya kije kulala juu yake. Linux uliyoiweka imechukua sehemu. Haikuchukua nyumba nzima. Kwa hiyo huenda baadhi ya zile jioni za kaka yako zilikuwa bado zimo, zikiwa nzima, siku ile ya Jumapili ulipoketi kitandani ukaanza kumwigiza. Na huenda ulichokiigiza kimekwenda kulala juu ya mojawapo.

Sikuandikii hilo kukutesa. Nakuandikia kwa sababu kuanzia dakika hii unayosoma, hicho kikompyuta hakiwashwi. Usikiwashe kujaribu, usikiwashe kuhakikisha, usikiwashe hata kufuta zile rekodi zako kwa haya, maana najua ndilo lililokujia kichwani sasa hivi. Kizime, toa betri, kirudishe kwenye taulo. Na umwambie Profesa akae mbali nacho.

Uliniuliza uchague lipi kati ya matatu. Hili la kwanza, la kumpa sauti ya kuigiza, mkeo ameshakujibu, na amekujibu vizuri kuliko mimi. Unasema hakuna atakayejua. Yule mwanamke alikuwa anasimama koridoni na nguo mkononi, jioni baada ya jioni, akisikiliza mtu anayejifundisha kusema bila kukwama. Unadhani anachokikumbuka ni kukwama? Wewe umeigiza kigugumizi kwa sababu ndicho mlichokuwa mnakisikia ninyi sebuleni. Yeye alikuwa anasikia kitu kingine kabisa, kile ambacho kaka yako alikuwa anakitafuta. Ungempelekea mume mliyemjua ninyi wa sebuleni. Angekutazama usoni akajua, na pengine kwa adabu yake angekushukuru, halafu ungeishi na shukrani hiyo.

La pili, la kusema mashine imekufa, linaonekana dogo lakini ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ukisema imekufa watakizika. Kitawekwa juu ya kabati na kile kidogo ambacho pengine kingeokolewa hakitatafutwa na mtu.

Linabaki la tatu, na umeliandika kwa maneno makubwa kuliko lenyewe. Kaka yako alikufa mara moja, kwa ugonjwa, na hukuhusika. Ulichofuta ni rekodi. Ni hasara, tena hasara ya kulilia, lakini usijipe ukubwa wa muuaji ili upate pa kujificha. Watu wanaojiita wauaji huwa wanatarajia kubembelezwa.

Nakuona pia unafikiria njia ya katikati, ambayo hukuiandika: niipeleke mashine kwa fundi kimyakimya, fundi akizipata ndipo niseme. Hapana. Kwanza, fundi hana uhakika, na kila wiki ya kusubiri utakuwa unaongopa wiki nzima. Pili, si mali yako. Mle ndani mna mtu aliyefunga mlango ili asisikike. Kama kuna fundi mgeni wa kuzisikiliza zile jioni, mwenye ruhusa ya kumfungulia ni mke wake, na anaweza kukataa. Mwachie hiyo nafasi. Umeshamchagulia mengi.

Na lazima umweleze pia kwamba ulimwigiza. Hapa najua ndipo unapotaka nikuhurumie, ukisema basi nikiri kufuta, hili la pili libaki baina yangu na mke wangu. Sikiliza alichosema kijana wetu. Fundi akianza kuvuta rekodi kutoka mle, zile zilizo juu kabisa, zilizo nzima, zitakazotoka kwanza, ni zako. Fikiria shemeji na binti wamekaa mbele ya meza ya fundi, binti ametoka mbali, na sauti ya kwanza inayotoka inasoma breki, klachi, plagi. Watalia, watashikana mikono, na wewe utakuwa umesimama nyuma yao. Ukishindwa kumwambia leo, utamwambia siku ile.

Basi fanya hivi. Nenda kabla binti hajafika, si baada. Nenda mchana, peke yako, usimchukue mama wala mtu wa kukutetea. Usipige simu kueleza. Piga simu kuuliza tu kama yupo. Ukiingia, usianze na Linux, usianze na kioo, usianze na vikompyuta vya zamani jinsi vilivyo. Sentensi yako ya kwanza iwe hii: "Shemeji, nimezifuta rekodi za kaka, na nimekuwa nakuongopea." Halafu mweleze uliziona kabla ya kuzifuta na hukuzinakili, na kwa nini. Halafu mweleze ya Jumapili. Baada ya hapo, na si kabla, mweleze kwamba pengine kuna kinachoweza kupatikana na pengine hakuna, na kwamba hujui. Usimpe asilimia.

Kisha mtajie yale majina. Jioni, jioni mvua, stoo, nimechoka, yote unayoyakumbuka, na lile la binti. Usilifiche eti litamuumiza. Wewe ndiye mtu pekee duniani uliyeona kwamba kaka yako aliketi siku moja akarekodi kitu akakiita hivyo, na mtoto wake ana haki ya kujua kilikuwepo, hata kama hatakisikia.

Kama atakubali fundi atafutwe, gharama ni juu yako, na usimwachie Profesa akuchagulie fundi. Kama atakataa, kikompyuta kibaki kwake, nawe usirudie kukigusa. Kuhusu mkeo, ukitoka kule pitia nyumbani umwambie kwamba umeshasema. Atakuuliza mwenyewe mengine, na mtaacha kuongea mambo ya chumvi.

Na usiende na matarajio. Anaweza kulia, anaweza kukutoa nje, anaweza kukaa kimya akaendelea kukunja nguo. Lolote kati ya hayo ni lake. Ukishamaliza kusema, nyamaza, kaa kama atakwambia ukae, ondoka kama atakwambia uondoke, na kesho yake usimpigie simu kumuuliza kama amekusamehe.

Mshauri wako